Hatua Sabini za Ezra

Kornelio alikuwa na akili ya mpakani. Anayekulia Sirari hujifunza mapema kwamba kitu kimoja huwa na thamani mbili, na kwamba riziki imelala katikati. Ndiyo maana siku Bwana Felix wa Mwanza alipoweka kikombe cha chai mezani na kusema anatafuta hekta nne kule Robanda, ajenge kambi ya watalii, Kornelio hakusikia neno kambi. Alisikia hekta.

"Nne kamili," Felix alisisitiza. "Pungufu ya hapo sichukui. Nitakuja na mpimaji wangu."

"Watu wa kule hawauzi hekta, bosi. Wanauza ekari."

"Hiyo ni kazi yako."

Kweli ilikuwa kazi yake, na ilikuwa na ugumu. Hekta moja ni ekari mbili na karibu nusu, kwa hiyo hekta nne ni ekari zinazokaribia kumi. Mtaji wote wa Kornelio ulikuwa na magurudumu manne: Probox nyeupe, mchomoko wa kubebea abiria kati ya Sirari na Tarime, mali pekee aliyoipata kwa njia anayoweza kuieleza kanisani. Probox isingenunua ekari kumi. Ingenunua nne, tena kwa maneno mengi.

Alikuwa bado anaumizwa kichwa na hesabu hiyo alipomwona Ezra, mbeba mizigo wa pale mpakani, akifika kwenye mtaro na gunia begani. Wenzake walizunguka kutafuta ubao wa kuvukia. Ezra alinyoosha mguu kama mtu anayefungua ngazi, akawa ng'ambo.

Hapa msomaji avumilie tarakimu chache, maana hata utapeli una kanuni zake. Mashambani ekari hupimwa kwa miguu: hatua sabini kwa hatua sabini. Hatua za nani, hakuna aliyewahi kusema. Mwenye hatua ya mita moja atazunguka mita za mraba elfu nne na mia tisa, na hapo tayari ameipita ekari ya vitabuni, ambayo ni elfu nne na arobaini na saba. Lakini akipatikana mja wa Mungu mwenye hatua ya mita moja na sentimita arobaini na tatu, sabini zake ni mita mia. Mia kwa mia ni hekta. Mguu wake unageuza ekari kuwa hekta bila kalamu.

Kornelio alimpima Ezra kwa tepu nyuma ya duka la mabati. Akijinyoosha, alifika moja na arobaini na tatu, suruali ikilalamika.

"Utaweza kwenda hivyo mchana mzima?"

"Kuna chakula?"

"Kipo. Sharti ni moja: ukipima unahesabu tu, huongei. Ukiongea, hesabu inapotea."

Robanda walimkuta Mama Agustina akipukuchua mahindi machache yaliyosalia. Aliitazama Probox kwanza, watu baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari ni lako au la kuazima?"

"Langu, mama."

"Breki zinashika?"

"Zinashika. Nasikia unauza shamba."

"Anayeuza ni tembo, mwanangu. Mimi nalima, yeye anavuna. Nimechoka kuwa kibarua wake."

"Nipe ekari nne, nikupe gari."

"Nne? Haya."

Hakupunguza wala hakuongeza. Tapeli aliyeiva angeogopa hapo hapo. Kornelio alishukuru Mungu.

"Ofisi ya kijiji tusiisumbue," alisema kwa upole. Ofisini kulikuwa na tepu, na mtu anayejua kuisoma. "Tupime kienyeji, majirani washuhudie."

"Umenitoa maneno mdomoni."

"Na mguu uwe wa kijana wangu huyu."

Agustina alimtazama Ezra kuanzia viatuni kwenda juu, safari iliyochukua muda. "Mguu uwe wa mnunuzi. Basi upande uwe wa muuzaji. Tunaanzia barabarani, tunaingia ndani moja kwa moja, ekari moja nyuma ya nyingine."

Majirani wawili, Rubeni na Bernadetha, walikuja kushuhudia. Ezra alipiga sabini za kwanza kando ya barabara, akapinda, akaelekea vichakani. Bernadetha alicheka hadi akashika mbavu. Kornelio akadhani anachekwa Ezra.

"Nyoosha mguu, baba, usijibane!" Agustina alihimiza kutoka nyuma. "Shamba halina mwisho!"

Ukarimu huo ulimgusa Kornelio. Kwa sekunde kadhaa alikaribia kuona haya.

Walipofika sabini, mabua ya mahindi yalikoma. Mbele yao yalisimama majani marefu na migunga.

"Mama, mbona huku hakuna mabua?"

"Tembo."

"Hata matuta hakuna?"

"Wakija kundi zima, mwanangu, wanakula na tuta."

Rubeni alishikwa na kikohozi. Ezra aliinua mguu kupita kitu kilichojificha kwenye majani, akageuka, akafungua mdomo.

"Hesabu!" Kornelio alifoka.

"Sabini na mbili," alisema Ezra.

Hatua mia mbili na themanini zilipotimia, waliandikishana, funguo zikabadili mkono, na Agustina akawapikia ugali kwa kuku.

Wiki iliyofuata Felix alifika na mpimaji wake, Lilian, binti asiyecheka ovyo. Aliingia shambani na kifaa chake, akarudi haraka kuliko Kornelio alivyopenda.

"Hekta moja," alisema.

"Ni nne! Mia kwa mia nne!"

"Mia nne zipo. Lakini kwenye mita ya mia kuna nguzo ya zege, ya mpaka. Ng'ambo ya nguzo ni hifadhi."

"Hekta moja inanitosha kwa vyoo," alisema Felix, akapanda gari lake yeye na Lilian, wakaondoka.

Kornelio alikimbia hadi kwa Agustina. Probox ilikuwa uani, inanguruma. Ezra alikuwa nyuma ya usukani, magoti yamepanda hadi masikioni. Alikuwa ameajiriwa udereva.

"Mama, umeniuzia hifadhi!"

"Mimi? Mimi nilikuwa na ekari mbili na nusu, Robanda nzima inajua. Ungepita ofisini wangekuambia. Wewe ulitaka nne, ukaja na mguu wako. Nimzuie mgeni kutembea?"

"Twende mahakamani!"

"Twende. Utamwonyesha hakimu ekari yako moja ina ukubwa gani."

Kornelio alifikiria jambo hilo kutoka kila upande, na kila upande ulikuwa mia. Akamgeukia Ezra. "Na wewe uliiona nguzo!"

"Niliiona, kaka. Ulisema nisiongee."

Kwenye shamba jipya la Kornelio, mti ulivunjika. Wavunaji walikuwa wanaingia.

"Basi nipelekeni mjini Mugumu," alisema kwa unyonge.

"Panda," alisema Agustina. "Tunatoza kwa maili."

Kornelio aliona afueni kidogo. Maili ni ndefu kuliko kilomita. Mtu wa hesabu hujifariji kwa vidogo. Akaingia, akafunga mlango. "Na mnazihesabuje?"

Agustina alinyoosha kidole kwenye dashibodi, kwenye namba za kilomita anazozijua Kornelio kuliko jina la babu yake.

"Kwa hiyo hapo," alisema. "Kila ikiongezeka moja, ni maili."