Mamumunye ya Bwana Schempp na Sinia Langu la Keki

Hinterlauch, Jumatatu

Kwa Bwana Eberhard Knauss,
Mkuu wa Kijiji.

Bwana Mkuu,

Pokea heshima zangu, na pole kwa mguu. Kwenye kwaya wanasema uliteguka ukipanga viti vya sherehe.

Mimi si mtu wa kulalamika. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi huvumilia mpaka jino ling'oke lenyewe. Lakini sasa yamenifika shingoni, nami naiomba ofisi yako imchukulie hatua jirani yangu, Bwana Gotthilf Schempp, yule mgane aliyekuwa mchonga mawe ya makaburi. Makosa yake ni haya:

1. Mamumunye. Mwezi wa Julai nilifungua mlango nikakuta mamumunye yake matatu kwenye ngazi, makubwa kama watoto wa kubatizwa. Unajua mwenyewe kwamba wakati ule kila bustani inayo, na hata mchungaji huingilia mlango wa nyuma asije akapewa. Lakini mimi situpi chakula. Niliyakuna, nikakuna na karoti, nikakatia matufaha, nikapanga plamu juu, nikaoka sinia zima la keki. Mtu mmoja hamalizi sinia zima, basi nikala kipande changu, iliyobaki nikampelekea kwenye sinia langu lile lile. Hapo ndipo nilipojiponza.

2. Sinia. Mtu aliyelelewa harudishi chombo kitupu, hilo halina ubishi. Bwana Schempp akalirudisha limejaa mamumunye. Nikaoka, nikapeleka. Likarudi na mamumunye na karoti juu yake. Nikaoka, nikapeleka. Kiangazi chote nimekimalizia mbele ya oveni, na vidole vyangu vimekuwa rangi ya karoti mpaka daktari akaniuliza habari za ini.

3. Usafi. Sinia linarudi linang'aa. Zile pembe nyeusi zilizonishinda tangu niolewe, yeye kazisugua zikatoka. Huo ni uchokozi.

4. Ushauri usioombwa. Siku moja alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Bi Bäuerle, keki tamu, sikatai, ila inalilia kungumanga." Mtu aliyeshika tindo maisha yake yote ananifundisha mimi keki. Nilitia kungumanga. Ikawa tamu zaidi, jambo lililonikera wiki nzima.

5. Ufagio. Jumamosi ya zamu yangu ya kufagia njia nilitoka nikakuta mbele ya nyumba yangu pameshafagiliwa mpaka kwenye ngazi. Watu watadhani nimekufa au nimekuwa mvivu, na kwa kijiji chetu sijui lipi ni aibu kubwa. Nilipomuuliza alinijibu, "Ufagio ulishachanganya, Bi Bäuerle, nikashindwa kuusimamisha."

6. Jina langu. Tumekaa majirani miaka thelathini, yeye Bwana Schempp, mimi Bi Bäuerle, kama watu wenye adabu zao. Alhamisi iliyopita, mchana kweupe, akaniita juu ya uzio, "Irmtraud, baridi ya leo itaunguza, funika maua yako." Irmtraud. Hatujagonganisha glasi, kama ilivyo desturi yetu, kukubaliana kuitana kwa majina ya kwanza, sikumpa ruhusa, na wa kuitoa ni mimi, maana mimi ndiye mkubwa. Mbaya zaidi, Bi Kächele alikuwa akipita na baiskeli, na wewe unamjua. Saa ya kahawa ilipofika, duka zima la mikate lilikuwa na habari. "Mwenzetu, lisemwalo lipo," akanichokoza muuza mikate, "na kama halipo laja." Mimi naandika hapa rasmi, na naomba upige mhuri: halipo.

7. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Baridi ile ilishuka kweli. Kulipokucha bustani yake ya mamumunye yote ilikuwa imelala chini, nyeusi. Nikaoka kwa yale ya mwisho niliyokuwa nayo, nikapeleka. Jana, Jumapili, saa ya kahawa, nilikuwa nimepanga vikombe viwili, kwa mazoea tu, maana akirudisha sinia huwa hakatai kahawa, nikafungua mlango nikakuta sinia kwenye ngazi. Safi, na tupu. Hakugonga hata mlango. Bwana Mkuu, nilikaa nalo mezani mpaka kahawa ikapoa. Kiangazi kizima nimemlaani mtu huyu na mboga zake, na jana nyumba ilikuwa kimya hata nikawasha redio nisikie hali ya hewa, ambayo nilikuwa naiona dirishani. Iliniuma. Kumzoesha mtu hivyo, halafu ukamrudishia chombo kitupu, ni ukatili, nami nataka awajibishwe.

Kwa hiyo naomba Bwana Schempp aamriwe kurudi kwenye "Bi Bäuerle", ufagio wake ukome kwenye mpaka wake, na uzio ule ung'olewe ujengwe ukuta mrefu ambao hakuna sinia litakalopita juu yake. Ajenge yeye. Mawe anayo, kijiji hakitatoa hata senti.

Nisalimie mama yako, mwambie magoti yangu yako kama ya kwake. Wasalimie mkeo, watoto, wanakwaya wote, na Bi Kächele pia ukikutana naye, na utakutana naye.

Ni mimi mvumilivu wako, ambaye uvumilivu wake umebaki kidogo,
Irmtraud Bäuerle (Bi)

Tanbihi: Nimekwisha kubandika stempu, kengele ya mlango ikalia. Bwana Schempp, ana unga mpaka kwenye nyusi, amebeba sinia lake mwenyewe. Kumbe jana aliona haya kugonga. Hakuwa na cha kuweka kwenye sinia, na anasema hakujua mtu huenda kwa jirani kwa kisingizio gani mamumunye yakishakwisha. Asubuhi yote ya leo ameoka keki ya matufaha na karoti za dukani. Chini imeungua, katikati mbichi, kungumanga kaimwaga yote. Tumeimaliza. Glasi tumegonganisha, kwa ruhusa yangu. Ukuta usijengwe; hapa ninapoandika, Gotthilf anang'oa mbao mbili za uzio, anasema sinia linapita kwa shida. Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu stempu haitupwi. Ila pale namba sita, nilipoandika "halipo", nakuomba ukate kwa kalamu yako, uandike: limekuja.