Safari ya Ulimi Kwenda Kula Pudini

Fundi Redio alikuwa na ulimi mmoja tu, kama mimi na wewe, ila yeye aliuringia kama watu wanavyoringia gari jipya.

Hakuuringia bure. Mafundi wenzake walipima betri kwa kipimo, yeye alizilamba. Mteja akileta redio iliyokata sauti, Fundi alichomoa betri, akaigusisha kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu. "Hii marehemu." Au, "Hii bado ina uhai, tatizo ni waya." Na mara nyingi alipatia. Hilo tulikubali, maana sisi majirani ndio tuliomvimbisha kichwa.

"Ulimi huu ni mashine," alizoea kusema, akiutoa nje kidogo ili tuukague. "Tena hauhitaji chaji."

Laiti ungeishia kwenye betri, nyumba yake ingekuwa shwari. Bahati mbaya ulimi ukishasifiwa kazini hutaka kusifiwa na mezani.

Zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi, alitumwa kwenye mji mmoja wa mlimani kutengeneza redio ya mgahawa. Alipomaliza, mama mwenye mgahawa akampa bakuli la pudini: maziwa, mayai, na juu yake sukari iliyochomwa hadi ikawa ya kahawia. Ilipikwa kwa mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, ikaokota moshi kidogo. Aliila akiwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, habari ambayo kila akisimulia huiruka.

Pudini ile ilikuwa na tabia ya pekee: ilizidi utamu kadiri miaka ilivyopita. Mwanzoni alisema ilikuwa nzuri. Baadaye ikawa haina mfano. Kufikia wakati wa kisa hiki, mtu akiila alisahau jina la mama yake.

Mkewe anafundisha chekechea, kwa hiyo mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Alianza kuisikia pudini ya mlimani tangu wakiwa wachumba. Ni mwanamke mwenye upendo na asiyependa kushindwa, na vitu hivyo viwili vikikutana lazima mtu aingie jikoni. Jumapili moja akaipika. Fundi akaonja, akafumba macho, akafikiri.

"Imekaribia," akasema. "Lakini."

Hakumalizia. Jumapili nyingine Mwalimu akaongeza mayai. "Imekaribia. Lakini." Akabadilisha maziwa. Akachoma sukari zaidi. Mwishowe akatoa jiko la mkaa uani, akapika kwa moto wa chini na wa juu, akatoka macho mekundu kwa moshi. Watoto walilamba mabakuli hadi hayakuhitaji kuoshwa. Baba yao akafumba macho.

"Imekaribia sana," akasema, akijiona mkarimu. "Lakini."

Siku hiyo Mwalimu aliuweka mwiko chini.

"Baba watoto, mimi nafundisha watoto wa miaka minne. Mtoto akiniambia hataki, huniambia na sababu. Wewe miaka yote unasema lakini, na hujawahi kuniambia lakini nini."

"Ni jambo la ulimi, mke wangu. Halielezeki."

"Basi twende hukohuko. Nami nitabeba ya kwangu. Tutakufunga macho, uonje. Ukiitambua ya mlimani, nimeshindwa. Siipiki tena, na kila ukiitamani utapanda gari. Usipoitambua, neno hilo nisilisikie tena mezani kwangu."

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kunifunga macho mimi? Nifungeni na masikio."

Likizo ya Mwalimu ilipokaribia, Fundi akaanza kuuandaa ulimi. Pilipili akaipiga marufuku nyumba nzima. Chai aliipuliza hadi ikapoa, akainywa kwa mrija. Dukani akaacha kulamba betri. Wateja waliambiwa mashine iko mapumzikoni. Akajichongea kijiko cha mti, kwa sababu kijiko cha chuma, alisema, kina maoni yake. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akausugua ulimi taratibu, akiugeuza huku na huku, na watoto wakachelewa shule kwa kusubiri bafu.

Mwalimu hakucheka. Alimwambia mdogo wake, ambaye ni dereva wa teksi na ndiye aliyeombwa kuwapeleka, "Ninachoogopa ni kimoja. Niionje, nikute alikuwa anasema kweli."

"Dada, shemeji amewahi kusema kweli lini?"

"Kwenye betri," Mwalimu akajibu, na uso wake ulionyesha kweli ana wasiwasi.

Wakaondoka. Fundi alikaa mbele, kijiko mfukoni, mdomo umefungwa ili vumbi lisiuguse ulimi. Mwalimu alikaa nyuma amepakata bakuli lake lenye kifuniko, limefungwa taulo, na kila gari lilipoingia shimoni alilikumbatia kama mtoto mchanga.

Walipokaribia mlima walisimama kwenye kibanda cha matunda. Mwalimu akanunua machungwa na malimau. Walipotaka kuendelea, yule dereva, shemeji yake Fundi, akazungusha ufunguo. Gari likasema tik, likanyamaza.

"Ama betri, ama staata," shemeji akasema. "Pale mbele niliona gereji. Ngoja nikaombe kipimo."

Hapo ndipo alipokosea. Angesema spana, angesema kamba ya kuvutia, tungekuwa na kisa kingine.

"Kipimo?" Fundi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu nyumbani. "Umenibeba mimi kwenye gari, halafu unakwenda kuazima kipimo?"

"Baba watoto," Mwalimu akaita kutoka nyuma, "huo ulimi leo una kazi."

"Ni kugusa tu."

"Shemeji, hiyo si betri ya redio," dereva akasema.

"Betri ni betri. Hii imekula vizuri tu."

Akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ule unga mweupe ambao fundi yeyote wa magari angekwambia ni asidi na usiuguse hata kwa kidole. Fundi wetu ni wa redio. Akaviunga na vipande viwili vya waya, akavivuruga vizuri kwenye unga ili vishike, akatoa ulimi alioutunza kwa mapenzi yote yale, akaviweka juu.

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Siku hiyo kichwa cha betri kiliuponza ulimi.

Aliruka, akajigonga kwenye boneti, akazunguka gari akitafuta maji. Muuza matunda akampa dumu zima. Alisukutua, akatema, akasukutua tena. Hatimaye akajikaza kisabuni, akasimama wima na kutangaza matokeo ya uchunguzi.

"Bethri nthima," akasema. "Ni thtaata."

Na haki yake tumpe: ilikuwa staata. Shemeji akaingia chini, akaigonga kwa spana, gari likawaka.

Njiani uvimbe ukapungua, maneno yakarudi mahali pake. Ulimi wenyewe haukurudi. Fundi aliupapasa kwa meno. Ulikuwa kama soli ya kiatu cha mtu mwingine. Akaanza kusali kimyakimya.

Nyuma, Mwalimu alikuwa anamenya tunda. Akaligawa, akampitishia vipande begani.

"Chungwa, baba watoto."

Fundi, macho barabarani, akatia mdomoni, akatafuna kwa utulivu, akameza. "Matamu machungwa ya huku," akasema.

Shemeji alipewa kipande cha tunda hilohilo. Akakiuma, jicho moja likajifumba lenyewe, gari likataka kuingia mtaroni. Lilikuwa limau. Akamtazama dada yake kwenye kioo. Dada yake akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe.

"Baba watoto," Mwalimu akasema kwa upole, "kama ulimi umeumia, tuahirishe. Tulale, tuonje kesho. Sitakucheka."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwanamume mwenye akili angepita.

"Ulimi uko salama salimini," Fundi akajibu. "Kama unaogopa, mke wangu, sema."

Mwalimu akageukia dirisha, akalikumbatia tena bakuli lake mpaka walipofika.

Mgahawa ulikuwepo vilevile, na ukuta wake ulikuwa bado na rafu ya ile redio. Mama mwenye mgahawa alikuwa ameshazeeka, hana jino, anakaa pembeni kwenye kiti chenye mto. Mpishi sasa alikuwa binti yake, mwanamke mwenye mikono minene na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili. Fundi akajitambulisha kwa kirefu. Bibi hakumkumbuka. Redio aliikumbuka, alisema iliharibika tena wiki ileile.

Mwalimu akaomba kuingia jikoni na bakuli lake. Wakakaa huko yeye na mpishi. Kikasikika kicheko cha mpishi, kikakatika ghafla kama kilichozibwa na kiganja.

Habari zikaenea mezani kwamba kuna mtu amekuja kupima pudini kwa ulimi. Watu wakageuza viti. Mwalimu akatoka, akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mumewe macho.

"Mabakuli ni matatu," akamwambia.

"Matatu?"

"Unaogopa?"

"Leteni hata kumi."

Fundi akatoa kijiko chake cha mti, akakiinua juu ili watu wakione. Akachota bakuli la kwanza. Akaweka ulimini. Hakuna kitu. Alikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Jasho likamtoka mgongoni, na kwa mara ya kwanza maishani akautamani ulimi wa mtu wa kawaida. Akakumbuka kwamba hukumu moja aliijua kwa moyo.

"Imekaribia," akasema. "Lakini."

Watu wakanong'ona kwa heshima. Akachota la pili. Kimya kilekile. Hapo akaanza kupiga hesabu: kitu kizuri siku zote huwekwa mwisho, kwa hiyo la tatu ndilo lenyewe, kwa hiyo hili la pili ni la kuliponda, tena kwa nguvu, watu waone ana msimamo.

"Hii hata haijakaribia," akasema. "Aliyepika hii, na anisamehe, angeanza na kazi ya kufua. Akizoea maji, ndipo apewe moto."

Kijiko cha mtu kikaanguka sakafuni. Hakuna aliyekiokota.

La tatu aliliamulia kabla halijafika mdomoni. Akalipitisha puani kwanza. Akachota, akameza, akaegemea kiti. Ulimi ulikuwa umeanza kuwasha upya, machozi yakachuruzika chini ya kitambaa, naye hakuyafuta, aliona yanamsaidia.

"Ndiyo," akanong'ona. "Hii ndiyo. Moshi uleule. Sukari imefikishwa pale inapotaka kuungua, ikaambiwa basi. Mke wangu, usijisikie vibaya. Mkono uliopika hii hauna mfano wake duniani."

Akasubiri makofi. Hayakuja. Akafungua kitambaa.

Mpishi alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akilitazama bakuli la pili. Shemeji alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Na kutoka kwenye kiti chenye mto, bibi asiye na jino alikuwa ananyoosha mkono uliotetemeka kuelekea bakuli la tatu.

"Mwanangu," akasema, "ukimaliza nirudishie. Huo ni uji wangu wa tangu asubuhi. Hauna hata sukari, daktari kanikataza."

Mgahawa ukalipuka. Mtu mmoja alicheka mpaka akalazimika kutoka nje kushika mti. Fundi akatazama uji uliogandiana, akatazama kijiko chake cha mti, akatamani angekichonga kikubwa zaidi, ajifiche nyuma yake.

"Na ya pili?" akauliza, ingawa alishajua.

"Ya kwanza ya mkeo, ya pili ya kwangu," mpishi akasema. "Ya hapahapa mlimani. Nguo za kufua ziko uani, baba."

Akaomba radhi. Aliomba kwa mpishi, akaomba kwa bibi, na kwa haraka aliyokuwa nayo akaomba hata kwa mteja mmoja wa kando. Kisha akamgeukia mkewe.

"Ulimi umekufa tangu kwenye betri," akasema. "Sisikii kitu. Ungenipa sabuni ningeisifia."

"Najua. Ulikula limau ukasema chungwa."

"Ulijua ukaniacha?"

"Nilikwambia tuahirishe."

Fundi akainamisha kichwa. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu waoane, akamwomba kitu ambacho hakuwahi kumwomba.

"Basi nionjee wewe. Umesafiri njia nzima na ya kwako mapajani. Onja ya mlimani, uniambie. Ukisema ni sawa, nitaamini. Ukisema inashinda, sitasema neno."

Mwalimu akavuta kiti, akakaa. Akalisogeza bakuli la pili. Miaka yote ile ya mayai, maziwa na moshi wa uani ilikuwa imekusanyika kwenye kijiko kimoja. Mpishi akasogea. Shemeji akavua kofia usoni. Hata bibi akaacha kudai uji wake.

Akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena, akaendelea, polepole, bila kumtazama mtu, mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli. Akajifuta mdomo.

"Vipi?" Fundi akauliza, sauti ndogo.

Mwalimu akatafakari sana.

"Imekaribia," akasema. "Lakini."

Kisha akalitupia macho bakuli la bibi, akaona uji umebaki nusu, akamsogezea mumewe na kumwambia amalizie alichokichagua mwenyewe, bibi atapikiwa uji mwingine.