Ulinzi Mpya wa Waifai Yetu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemfuma jirani ameegemea ukuta wetu, anatazama mpira kwa waifai yetu. Bila haya! Tena akanipungia mkono. Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta, nikakuta viwango vya ulinzi. Nikachagua kilicho kipya na kikali kuliko vyote. Simu yangu ikatoka mtandaoni, ikarudi. Nimekula chakula cha jioni kwa hamu kubwa.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe, aliyekuja kwetu kuuguza goti, anasema tabuleti yake haiingii mtandaoni. Jina la waifai inaliona, nenosiri anaandika, inamkatalia. Balaa! Jumamosi shemeji aliye ng'ambo atamwonyesha kichanga chake kwa video, mjukuu ambaye mama hajamtia machoni. Nimemwambia waifai inajisafisha, kesho itakuwa shwari. Printa ya mke wangu nayo imegoma. Hiyo nimesingizia wino.

Jumatano, 5 Machi
Nimeng'amua. Nenosiri ni refu mno kwa tabuleti ya siku nyingi vile. Nimelifupisha. Imekataa. Nimelifupisha tena, nimeizima, nimeiwasha, nimeipangusa kwa kitambaa. Wapi! Mke wangu ameuliza nimegusa nini kwenye ruta. Nimesema sijagusa kitu. Ni kweli, nilibonyeza tu.

Alhamisi, 6 Machi
Jirani amenisimamisha getini kunishukuru. Eti siku hizi waifai yetu ina kasi ajabu. Kumbe kila nikibadilisha nenosiri mke wangu humpa, kwa ujirani mwema! Na simu yake ni mpya, huo ulinzi mkali inaelewana nao vizuri kabisa. Niliowafungia nje ni mama mkwe na printa.

Kurudisha ulinzi wa zamani ni kukubali kwamba nimechemsha. Sikubali. Nimemwambia mama mkwe atumie simu yangu. Ameangalia kioo kilivyopasuka, akasema hataki kumwona mjukuu akiwa na makovu. Akarudi chumbani, tabuleti kaipakata. Roho imeniuma sana.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amesoma kijitabu cha ruta huku akikoroga sufuria. Kasema kuna kiwango cha mchanganyiko, vifaa vipya vinaingia na vya zamani vinaingia. Nikaanza kumweleza habari za usalama. Akaweka mwiko chini.

“Mume wangu, mama anataka kumwona mjukuu wake. Jirani utamfukuza wiki ijayo.”

Nimebadilisha. Tabuleti ikaingia papo hapo. Printa nayo ikaamka na kutapika karatasi zote za wiki nzima. Wino upo tele.

Jumamosi, 8 Machi
Amemwona! Mama mkwe alivaa nguo ya kutokea, akaisogelea tabuleti hadi shemeji akalalamika kuwa anaona pua tu. Mtoto akapiga chafya, mama akalia. Mimi pia, kidogo. Akamwambia shemeji kwamba mwanawe mimi ndiye fundi wa mitambo hii yote. Mke wangu kakohoa. Jirani alikuja kutoa pongezi akakaa kwenye kiti changu. Nimemwacha. Nina furaha, sina neno na mtu.

Jumapili, 9 Machi
Nimegundua kitu kizuri mno kwenye ruta. Unasajili vifaa vya nyumbani, vingine vyote vinakataliwa! Safari hii nimetumia akili: tabuleti ya mama mkwe nimeisajili ya kwanza, printa ya pili, simu ya mke wangu, kisha yangu. Nikahifadhi.

Simu yangu imetoka na haikurudi. Kumbe jirani ana simu ya aina kama yangu, kwenye orodha ya ruta zimeandikwa jina lilelile, nikasajili yake. Yeye yumo ndani, mimi niko nje, na ruta haipokei amri kutoka nje. Nimekwenda kuomba tabuleti. Mama mkwe akasema nikae kwanza, mtoto anapiga miayo. Nimekaa. Anapiga miayo vizuri kweli.

Kesho nitalificha kabisa jina la waifai. Hata mimi sitaliona, sembuse jirani!