Utepe wa Kumpimia Yungiyungi

Jumatatu, 5 Agosti

Dada yangu Ju-yin, pokea salamu za heshima. Hujambo huko hekaluni? Magoti yanasemaje na baridi ya mlimani? Sisi huku Xinpu tu wazima: mimi, mbwa wangu Chenza mwenye miguu mitatu, mabata bukini, bundi aliyevunjika bawa, na Yungiyungi, nguruwe wangu. Uliniagiza niandike makosa yangu kila siku, kisha nikutumie. Leo sina hata moja! Raha iliyoje.

Ila Daktari Liao alikuja kuwatazama wanyama. Kasema Yungiyungi ni mnene mno, miguu haimbebi. Kweli, hajasimama tangu shemeji Ah-shui anipe. Unakumbuka alivyomnenepesha, awe mzito kuliko wote, achinjwe sadaka kwenye sikukuu ya Mashujaa. Miguu ilipovimba akagoma kula, shemeji akanitupia: "Chukua, wewe si ndiye mama wa mayatima?"

Daktari kaamuru majani na matango tu. Jumamosi atampima. Asipopungua, atampeleka makimbilio makubwa ya wanyama huko Miaoli, kwa watu wasio na huruma za kijinga. Aliniita mjomba, kwa upole kabisa. Lakini hilo neno "kijinga" nililisikia.

Aende Miaoli! Tangu mke wangu afariki, nani mwingine hunikoromea usiku?

Jumatano, 7 Agosti

Aibu, dada. Yungiyungi alinitazama. Tango mdomoni, machozi machoni. (Labda ni nzi. Mimi niliona machozi.)

Halafu shemeji akapita, akaegemea ua wangu, akauliza kama hapa tunafuga nguruwe au ufagio. Eti huruma ya Buddha inakondesha. Nikamjibu kwamba hasira ni sumu ya moyo. Akasema njaa pia.

Nilisujudu mbele ya sanamu ya Mama Guanyin mwenye huruma, nikaahidi kutii daktari. Nikiwa bado nimeinama nikakumbuka debe la viazi vitamu nyuma ya jiko. Nilivichemsha, nikavimwaga zizini, nikakimbia nisimwone akila. Asiyeona si shahidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Viazi tena jana. Leo tena, na keki za mchele wa kunata juu yake. Kila nikirudi, sakafu imelambwa ikang'aa. Maskini, alikuwa na njaa kiasi gani!

Sasa hofu imenishika. Kesho ni kipimo. Daktari hutumia utepe wangu mrefu, ule unaoning'inia mlangoni: anauzungusha kifuani mwa nguruwe, anasoma, anajua uzito. Nikawaza. Utepe ukiwa mfupi, nguruwe si atakuwa mdogo? Nikakata shubiri nzima mwanzoni, nikashona upya kile kibati cha ncha. Kazi safi! Marehemu mke wangu angejivunia ushonaji ule. Ushonaji tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Ee Mama Guanyin!

Daktari kazungusha utepe. Kasoma. Kavua miwani, kaifuta, kasoma tena. Akauliza kama nimemlisha Yungiyungi nguruwe mwenzake. Kumbe ukikata mwanzo, utepe unaanza kuhesabu katikati! Nilimfanya mzito kuliko bingwa wa mwaka jana.

Nilipaswa kusema palepale. Nikasema ni maji, amekunywa sana. Daktari akasema basi, kesho analeta lori la Miaoli.

Na nani alikuwa ameegemea ua? Shemeji. Hakucheka safari hii. Alikuwa anahesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka sikukuu.

Jumapili, 11 Agosti

Malori mawili langoni pangu. La daktari, na la shemeji, aliyekuja na mzee Tai wa kamati ya sikukuu na wanaume wa kubeba. Shemeji akadai hakunipa nguruwe, aliniazima. Daktari akasema mgonjwa wake haendi kuchinjwa. Shemeji akamwambia, "Wewe binti, tibu paka wako." Mzee Tai akasema maneno ya nini, kamati inataka bingwa, na bingwa huyu hapa.

Wakaanza kupitisha kamba chini ya tumbo la Yungiyungi. Hakulia, dada. Aligeuza kichwa akanitafuta mimi.

Nikapiga magoti kwenye matope. Nikasema nimekata utepe. Nikasema na viazi. Nikasema na keki. Hata wale wabebaji niliwaomba radhi, mmoja nisiyemjua kabisa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini palikuwa na kinyesi.

Mzee Tai akatoa utepe wa kamati, akapima. Yungiyungi kapungua! Kapungua sana, bingwa hayupo. Daktari akashangaa: basi hivyo viazi kala nani?

Ndipo Chenza akatoka nyuma ya zizi, polepole, tumbo likiburuta chini, keki imemganda puani.

Walicheka mpaka wakaegemea malori. Shemeji akafuta machozi: "Shemeji, hata dhambi inakushinda kufanya?" Katikati ya vicheko Yungiyungi akasukuma ardhi kwa miguu ya mbele. Akasukuma ya nyuma. Akasimama! Akatembea hadi kwangu, akapangusa pua yake kwenye shati langu.

Daktari kaondoka na lori tupu. Yungiyungi anabaki. Kasema ni sifa ya mbwa, si yangu. Sikubisha. Nimesujudu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na uso bado unaniwaka.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeapa, dada. Uongo basi. Nimekuwa mtu mpya.

Ila sasa Chenza ndiye aliyewekewa mlo wa matango. Jumamosi daktari anakuja kumpima kiuno, kwa utepe mpya niliolazimishwa kununua. Chenza ananitazama. Macho yale! Nimempa kiazi kimoja tu. Na kidogo cha pili.

Usihofu, nimeshajua kosa lilikuwa wapi. Safari hii nakata mwisho.

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi.

Mdogo wako,
Wen-tsai