Ukucha wa Tano

Jumatatu, 9 Machi
Mvua. Mabega yanawaka. Mwaka wa sita nabeba begani mbao zilizopangwa mitungi mibichi, isiyochomwa bado, katika karakana hii ya Jingdezhen, tunakoiga vyombo vya kauri vya wafalme wa kale wa China. Lakini leo habari! Kiti kimoja kwenye meza ya wachoraji kiko wazi. Fundi Rao atamtaja mtu Ijumaa. Lazima niwe mimi. Mke wangu kule nyumbani Duchang nilishamwambia nachora.

Zhan, mchora majoka, kanigawia tambi zake za pilipili. Bila sababu. Anataka nini?

Jumanne, 10 Machi
Nimemnasa! Nimehesabu kucha za majoka yake mapya. Nne kila mguu! Siku zote tunaweka tano, joka la mfalme. Mitungi minane, yote pungufu. Anamhujumu fundi! Nikamuuliza mbona joka lake limekatwa kidole. Akacheka, akaniambia nibebe mbao, kucha nimwachie yeye. Kicheko cha mwizi kabisa.

Jumatano, 11 Machi
Saa saba mchana. Wote wamelaza vichwa mezani, usingizi wa baada ya kula. Nikachukua brashi. Kila mguu, ukucha mmoja. Miguu thelathini na miwili! Mitungi ikitoka motoni, fundi atajua nani kamwokoa.

Ijumaa, 13 Machi
Tanuri limefunguliwa. Nikasema kabla sijaulizwa: kucha za tano ni kazi yangu!

Fundi Rao akasema mteja aliagiza mitungi ya mtindo wa mwanamfalme, na joka la mwanamfalme lina kucha nne. Tano ni za mfalme peke yake. Akageuza mtungi wa mwisho, akahesabu kucha za mguu mmoja. Sita; huo niliupitia mara mbili. Akaniuliza joka hili sasa ni la nani, la babake mfalme? Karakana nzima ilikufa kwa kicheko.

Akanipa nyundo. Ndiyo desturi tangu enzi za wafalme: chenye kasoro kinavunjwa. Nimevunja yote minane. Kiti kapewa mpwa wa muuza udongo.

Jumamosi, 14 Machi
Nimerudi kwenye mbao. Fundi kaniambia jina langu ndilo lililokuwa limechaguliwa. Zhan alinipendekeza mara tatu, akisema nina jicho la mchoraji.

Mara tatu! Mtu gani anakusemea mema mara tatu bila kuficha jambo? Jumatatu, wakilala, nafungua sanduku lake la brashi.