Kiboko Amekwama ku Mulango

Bwiza, Alhamisi

Kwako Tantine Waridi, Mama Salamu wangu,

Kwa heshima yote, mi Moubarak, mutoto wa kaka yako, nakuletea malalamiko. Nayaandika, juu nikikuambia kwa mudomo ungenipa chai nikasahau.

Jumamosi nakwenda kuonyesha juri, wale waamuzi wa shindano, kitabu chako nilichokigeuza aplikasiyo ya telefoni. Kila mutu anapewa dakika tatu. Wakikichagua, watoto wa mashule watakisoma ku tablete. Wakikikataa, kitabaki ndani ya makartoni chini ya kitanda chako, na mi nitarudi kubadilisha vioo vya telefoni kule mutaa wa Asiatique. Sasa sikiliza.

1. Ku kitabu, Kiboko anakwenda kuomba chumvi kwa Bibi. Anabisha hodi, na we uliandika neno moja tu: "Wakasalimiana." Lakini nilipokupa mikro ufanye sauti ya Bibi, ukasalimia dakika nne na nusu. Nyumba, wazazi, mahindi ya Kanyosha, goti la jirani. Na mi nilikuwa nimeipanga telefoni ingoje mutoto ajibu kila swali ndiyo iendelee. Hiyo nilijifunza peke yangu, siku tisa, apana mwalimu.

2. Nilijaribisha na watoto wa majirani, wale tunaokaa nao parsele moja. Hakuna aliyefika ku chumvi. Batri inakufa, Kiboko bado amesimama ku mulango na sahani yake.

3. Nikaweka kitufe cha kuruka salamu. Joëlla, miaka sita, akaniuliza kama kwetu hawakutufundisha kusalimia.

4. Watoto wanajibu ukweli. Bibi aliuliza baba yuko aje, Khaled akaielezea telefoni kwamba baba aliuza redio ya mama halafu akasema imeibiwa. Mama mwenyewe alikuwa anaanika nguo hapo hapo, hatua mbili. Sasa baba Khaled ananitafuta mi. We hakutafuti.

5. Jana mama Loïc alikuja kuazima ile telefoni. Loïc ana miaka ishirini na mbili, yuko Kigali. Mama wa watu akakaa nayo nyuma ya nyumba, akairudisha macho mekundu, akasema huyo Bibi ni mutu muzuri. Tantine, hii ni aplikasiyo ya miaka mine mpaka saba.

Kwa hiyo nakuomba kwa unyenyekevu, kesho turekodi upya: "Salama? Salama. Chukua chumvi." Sekunde sita. Mutu akisema ni kukosa adabu, mwambie Kiboko alikuwa na haraka, mboga iko ku moto.

Nisalimie watu wote wa kwako, kwa jumla, bila kutaja majina, uone kwamba inawezekana.

Mimi mutoto wako mutiifu,
Moubarak

N.B. Usirekodi upya. Nimefungua sauti yako nikate mwenyewe, nikafika pale unasema: "Na mama, mwanangu, anaendelea aje?" Tangu mama aende Kigoma kutibiwa, kila mutu ananiuliza habari ya Jumamosi tu. Nikaijibu telefoni. Nikaieleza yote, mpaka ile niliyokuficha, kwamba daktari anataka kumupasua tena. Nilipomaliza, ikapita ku swali linalofuata, la mbuzi, bila kusema kitu. Hapo pana tundu, tantine. Njoo kesho uniongezee sauti moja pale, useme: "Atapona, mwanangu." Dakika zitapita tano, na juri inanipa tatu, najua. Ungekuwa ni we, ungekata wapi?