Asilimia Tisini na Moja

Mshauri alikuwa ameweka miguu juu ya meza akitafuna karanga aliposikia ugomvi chini ya dirisha la ofisi yake. Mtu mwenye haya angelifunga dirisha. Yeye alilifungua mpaka mwisho na kutoa kichwa.

"Nimesema jipya!" mwanamke mwenye miwani alikuwa akimfokea mumewe. "Gari la umeme ni betri. Ukinunua lililotumika umenunua uchovu wa mwenzio."

"Na ukinunua jipya umenunua harufu," mume akajibu, kofia mkononi, kipara kikimeta kwa hasira. "Harufu ya viti! Miezi miwili imeisha, na nusu ya bei imeondoka nayo."

Mshauri alirudisha karanga kwenye droo, akavaa viatu, akapangusa midomo. Alikuwa na kipaji cha kunusa watu wenye hela na wasio na uamuzi, na hawa wawili walinukia vizuri sana.

"Jamani, wazazi wangu," aliwaita kutoka juu, "mnatoana jasho barabarani na mimi nipo? Pandeni mpate maji ya kunywa."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la fotokopi. Mlangoni palikuwa na bango: USHAURI WA MAGARI YA UMEME. JIPYA AU LILILOTUMIKA? USIAMUE PEKE YAKO. Ukutani vyeti vitatu, vyote vimezaliwa kwenye duka la chini, na kimoja kilikuwa cha kufuzu kuogelea. Alikitundika juu sana ili kisisomeke. Tumtendee haki lakini: katika miaka miwili ya kazi hakuwahi kumwambia mteja jambo ambalo mteja hakutaka kulisikia, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kulalamika.

Aliwasikiliza kwa upole, akitikisa kichwa pande zote mbili. Kisha akamtuma mume chini akatoe nakala ya kitambulisho, "kwa ajili ya faili." Mlango ulipofungwa tu, mke alisogeza kiti.

"Kaka, yule baba mgumu, lakini anaogopa vyeti. Mwambie jipya, nami sitakusahau." Akafungua mkoba, na bahasha ikapita juu ya meza.

Mume aliporudi, mke akatumwa chini kuhakikisha nakala imetoka vizuri. "Bwana mkubwa," mume akanong'ona, "mke wangu akimsikia mtaalamu hunyamaza. Sema lililotumika." Bahasha ya pili ikapita chini ya meza.

Sasa Mshauri alikuwa na bahasha mbili zinazopingana mfukoni mwa koti moja. Tapeli wa kawaida angetokwa na kijasho hapo. Yeye alifumba macho taratibu, kama mtu anayetaka kutoa siri ya ukoo.

"Lipo gari," akasema wote wawili walipokaa, "ambalo ni jipya na ambalo limetumika."

"Haiwezekani," wakasema pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana.

"Gari la maonyesho! Halijawahi kuwa na mwenyewe, kwa hiyo ni jipya. Wageni wameliendesha hatua mbili tatu, kwa hiyo limetumika. Mama, umepata jipya lako. Baba, umepata bei yako. Ndoa imepona. Na kwa bahati yenu, ndilo hilo mlilokuwa mmeliegemea hapo chini mkigombana." Akawatajia bei, pungufu kidogo tu ya bei ya gari jipya.

Hapa inabidi tuseme ukweli, kwa kuwa Mshauri hatausema. Gari lile halikuwahi kukanyaga ukumbi wa maonyesho. Lilikuwa lake mwenyewe, na lilikuwa limemvunjia nyumba. Mkewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliweka akiba miaka sita anunue gari jipya la umeme. Mshauri alimmwagia maneno wiki nzima mpaka akakubali kumwachia yeye akatafute lililotumika. Akaingia mjini kutapeli, akatapeliwa yeye: betri ilikuwa imechoka hoi. Siku ya tatu gari lilimzimikia mwalimu mkuu getini pa shule, siku ya mkutano wa wazazi, likasukumwa na darasa la sita huku wakiimba.

Tangu siku hiyo mkewe hakumsemesha. Alisema na birika. "Birika, mwambie huyo chai iko tayari." Gari alilifukuza nyumbani, na akamtangazia, kupitia birika, kwamba hatamsemesha tena mpaka lile gari liondoke na pesa yake irudi. Siku arobaini na tatu zilikuwa zimepita. Mshauri angeweza kuvumilia polisi, angeweza kuvumilia njaa, lakini kukosa sauti ya mkewe kulimwumiza kweli, na usiku alikuwa akijikuta anamwonea wivu birika.

Ndiyo maana, kabla ya wateja hawa kutokea, alikuwa amempelekea fundi wa simu kioo cha dashibodi. "Niandikie chaji tisini na moja kwa mia," akamwambia. Aliifikiria sana ile namba. Mia ingeonekana uongo. Tisini ingeonekana imekadiriwa. Tisini na moja ilikuwa namba ya mtu mkweli. Fundi akaandika kama alivyoambiwa. Kwa kweli gari likichajiwa usiku kucha lilikwenda kilomita kumi na tisa, na baada ya hapo linalala kama ng'ombe aliyekataa.

"Tulizungushe hapa mtaani tu," Mshauri alisema walipoteremka wote watatu, akijipenyeza kiti cha nyuma. Mke alishika usukani. Mume alikaa pembeni yake, kofia magotini.

"Mtaani?" mke akashangaa. "Bei yote hiyo, nionje kwa kuzunguka duka la fotokopi? Twende tukamwonyeshe mama."

"Mama yako au mama yangu?" mume akauliza.

"Mama yako ana macho ya kuona gari?"

Na ugomvi ukaanza upya, na gari likashika barabara ya kutoka mjini. Mshauri alikuwa anahesabu kilomita moyoni. Tatu. Tano. Ya sita mke akalalamika joto na kufungulia kiyoyozi mpaka mwisho.

"Punguza kidogo, dada," Mshauri akasema, akicheka bila kupenda. "Mafua."

"Mafua gani, na chaji tele! Tazama, tisini na moja."

Kweli. Kioo kilisema tisini na moja. Kilikuwa kimesema hivyo tangu walipoondoka, na Mshauri, kijasho chembamba kikimteremka, ndipo alipokumbuka kwamba hakumwambia fundi namba iwe inashuka. Akaanza kuongea haraka haraka juu ya ubora wa viti ili watu wasitazame kioo.

Kilomita ya tisa walipanda mlima. Tisini na moja. Ya kumi na moja wakauteremka. Tisini na moja.

"Wateja wanaorudi mapema," Mshauri akasema ghafla, "huwa nawapunguzia robo ya bei."

"Asante," mke akajibu. "Lakini hapa huwezi kugeuza, kuna mstari."

Kilomita ya kumi na tatu punguzo likawa nusu. Mume alisifu moyo wake wa ukarimu na kumwomba mkewe aongeze mwendo. Ya kumi na tano Mshauri aliinamia sikio la kulia la mke. "Dada, dhamira inanisuta. Chukua bahasha yako, geuza gari." Mke akaichukua na kuitia mkobani. Akahamia sikio la mume. "Kaka, na wewe chukua yako, mwambie ageuze." Mume akaichukua, akaikalia. Hakuna aliyegeuza.

Ya kumi na saba gari lilianza kupunguza mwendo lenyewe.

"Mbona linasinzia?" mke akauliza.

"Limeona nyumba za watu," Mshauri akajibu. "Magari ya kisasa yana adabu."

"Mama anakaa mbali kidogo bado," mume akasema. "Kilomita kama ishirini."

Roho ya Mshauri ikaruka. Aliona kila kitu kwa mkupuo: gari limekufa barabarani, hawa wawili wamelizunguka, mauzo yamekufa nalo, na yeye anarudi nyumbani kusalimiwa na birika maisha yake yote.

"Simama!" akapiga kelele. "Simama hapo hapo! Nauza sasa hivi! Semeni bei yenu!"

Mke aliliegesha kando, mbele ya geti kubwa la chuma. Akafikiri. Akataja bei ya pikipiki kuukuu.

Ilikuwa bei ya matusi. Lakini gari lingekuwa limeondoka, na nusu ya sharti la mkewe ni bora kuliko bure. "Chukueni," Mshauri akasema, "kabla sijabadili mawazo."

Mke alitoa mkobani karatasi ya mauziano ambayo ilikuwa imeshachapwa tayari, imebaki kujazwa bei, ikisema gari limeuzwa "kama lilivyo, na betri yake ilivyo." Mtu mwingine angejiuliza karatasi ile ilichapwa lini. Mshauri alisaini juu ya boneti kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua. Fedha zikaingia kwenye simu yake. Akawapa mkono, akiuma midomo asicheke. Alikuwa ameuza maiti! Kwa bei ndogo, ndiyo, lakini maiti ni maiti.

Ndipo mume alipotoa ufunguo mfukoni na kufungua lile geti la chuma.

Gari liliingia polepole, likavuka kizingiti, likazima chini ya paa la mabati. Kando yake palikuwa na gari jingine la aina ile ile, rangi ile ile, pua imepondeka mpaka kwenye kioo cha mbele, milango imejikunja. Ukutani nyaya, vipimo, winchi. Mke alivua miwani ya kutembelea, akavaa ovaroli lililokuwa limetundikwa na kupiga magoti chini ya gari alilonunua dakika tano zilizopita.

"Huku chini safi kabisa," akapaza sauti. "Hamna kutu hata kidogo!"

"Hilo jingine lilipata ajali likiwa na miezi mitatu," mume akamweleza Mshauri kwa adabu, kama mwenyeji anayemtembeza mgeni. "Betri yake haikuguswa, ila mwili ndio huo. Tumetafuta mwili mzima mwaka mzima. Mke wangu ni fundi wa betri. Mimi nanyoosha mabati."

Mshauri alitafuta mahali pa kukaa, akakalia tairi. "Mlijuaje?"

"Tulipita pale kwako wiki tatu. Gari halijasogea, na kila usiku umelichomekea waya kutoka dirishani. Gari gani zima linalala kwenye dripu?" Mke alitokeza kichwa. "Na ile tisini na moja yako, kaka yangu! Tumefungulia kiyoyozi, tumepanda mlima, iko pale pale. Betri nzima hushuka. Ambayo haishuki ni ya kuchora."

"Kwa nini hamkuniambia tu mnataka gari bovu?"

"Ungetuuzia kwa bei ya gari bovu linalotafutwa," mume akasema. "Na tungelipia na gari la kulivuta. Sasa umetuletea mpaka mlangoni."

"Na ule ugomvi?"

Mume na mke wakatazamana. "Ule wa kweli," mke akasema. "Kila mmoja alitaka apewe yeye sehemu ya kuigiza anayetaka jipya."

Mshauri aliondoka kwa miguu mpaka kituoni. Njia nzima alijaribu kutunga la kumwambia mkewe. Alitunga wezi, akatunga moto, akatunga ndugu mgonjwa wa mbali. Yeye aliyeweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe hakupata uongo hata mmoja uliosimama. Alimkuta mwalimu mkuu mezani akisahihisha madaftari ya darasa la sita, akakaa mbele yake, akamweleza yote: bahasha mbili, mlima, kiyoyozi, geti, ovaroli. Hakuficha hata cheti cha kuogelea.

Mkewe alisikiliza bila kuinua macho. Alipomaliza, aliweka kalamu chini.

"Wamekupa namba yao ya simu?"

Siku arobaini na tatu! Machozi yalimlenga Mshauri. "Ipo kwenye karatasi ya mauziano, mke wangu."

"Lete."

Akapiga. "Hujambo dada? Mimi ni mke wa yule Mshauri. Ndiyo, huyo huyo. Asante, nimeshapoa. Sasa nikuulize, mkishaliwekea ile betri nzima, mtaliuza?" Akasikiliza, akaandika namba pembeni ya daftari la mtoto wa watu, akabishana kidogo, akacheka. "Jumamosi nakuja na fundi wangu alipime. Hapana, yeye haji."

Mshauri aliitazama ile namba kwenye daftari. Ilikuwa ile ile bei aliyowatajia yeye asubuhi.

"Lakini wewe ulitaka jipya!" akalia.

"Nilitaka jipya," mkewe akasema, "kwa sababu wa kuninunulia lililotumika ulikuwa wewe. Hebu toa simu. Walizokulipa watumie sasa hivi, tuwe tumetanguliza, wasije wakamuuzia mwingine. Zilizobaki utazitafuta wewe, kwa kazi inayoonekana kwa macho."

Mshauri alikosea tarakimu za siri mara mbili. Mara ya tatu fedha zikarudi kwa waliozitoa, zikiwa hazijakaa mfukoni mwake hata muda wa saa tatu.

"Umekula?" mkewe akamwuliza.

"Bado, mke wangu," akajibu, moyo ukimyeyuka kwa furaha.

"Basi nenda kapike. Na mimi sijala."